Maneno Ambayo Eliwaza Hakuyakumbuka

Waliotutangulia katika imani wametuachia habari hii, nao waliipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika milima ya Upare, kwenye mtaa mmoja ulioitwa Kwamrindi, siku zile ambapo mchungaji mmoja alikuwa na mitaa kumi na mmoja na miguu miwili tu ya kuizungukia, aliishi mama mmoja kijana jina lake Eliwaza. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mumewe, Mbonea, alikuwa ameshuka tambarare kwenye mashamba ya katani, na yeye alibaki kwa wakwe zake na mtoto wa kwanza, wa kike, wa wiki tatu, ambaye hakuwa amebatizwa bado kwa sababu mchungaji alikuwa hajapanda mlimani.

Eliwaza alikuwa mwoga, hata waliosimulia hawakulificha hilo. Mtoto akilala sana aliogopa, akilia sana aliogopa, akinyamaza katikati ya kilio ndiyo aliogopa zaidi. Akibandika makande anakwenda kitandani kusikiliza pumzi, anarudi, anakuta yanaungua, anayaongeza maji, anakwenda tena. Mama mkwe wake, Mama Mbonea, alimwambia, "Utamchubua mtoto kwa kumtazama wewe." Akacheka, naye Eliwaza akacheka kidogo, kisha akaenda tena.

Sasa waumini wa Kwamrindi walikuwa na desturi yao. Mwanamke akijifungua, mtaa ulimpelekea mmoja wa wazee wa kike, katika wale waliobatizwa mwanzo kabisa, akae naye kila siku mpaka mtoto atakapobatizwa. Walimwita bibi wa uzazi. Hakuja kufua wala kuchota maji, alikuja kukaa. Kijana alifungua Katekisimo akasoma, maana wazee wale wengi hawakujua kusoma, na mzee alikariri kwa moyo, akasahihisha pale kijana alipoyakimbiza maneno. Wakifika penye ubatizo walikaa hapo siku nyingi. Mzee alimfundisha kijana namna ya kumbatiza mtoto aliye hatarini ikiwa mchungaji yuko mbali, kwa kuwa ruhusa hiyo kanisa limempa kila Mkristo. Yatakiwa maji, yatakiwa maneno, na atakiwa shahidi. Mtoto akipona, mchungaji akija huwauliza mbatizaji na shahidi mbele ya madhabahu, na wakijibu sawasawa, mtoto hupokelewa kuwa mbatizwa, wala harudiwi, kwa maana ubatizo ni mmoja.

Bibi wa uzazi wa Eliwaza alikuwa Bibi Raheli. Huyu alikuwa amekaa na wazazi wa mtaa ule tangu kanisa likiwa la nyasi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alitembea kwa kushika kingo za mfereji wa maji, na alizungumza kwa sauti kubwa kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde. Kila neno la ubatizo katika Kwamrindi, watu walisema, limepita mbele ya Bibi Raheli. Mama mmoja wa pale, Mama Kajiru, alikuwa na mtoto aliyefariki akiwa na siku mbili, akazikwa na kengele kama Mkristo, kwa sababu tu Bibi Raheli alisimama akasema, "Amebatizwa." Nani angeuliza zaidi?

Ikawa siku ya Jumanne, jua la saa sita, Mama Mbonea yuko shambani, Eliwaza na Bibi Raheli wako peke yao chumbani. Mtoto alikuwa ananyonya. Akaachia ziwa, akakaza mwili kama mti, macho yakageuka, midomo ikawa ya bluu. Kisha akalegea na pumzi ikakoma.

Eliwaza akapiga kelele. Bibi Raheli hakumwona mtoto vizuri, lakini alimpapasa, akamjua. "Maji," akasema. "Mbatize."

"Mbatize wewe, Bibi. Mbatize wewe." Akamsukumia kibuyu mikononi.

"Mikono yangu inatetemeka, nitamwagia kitanda. Wewe, Eliwaza. Mimi nimemshika kichwa."

Eliwaza akakichukua kibuyu. Maji yakamwagika begani kwake, yakamwagika sakafuni, mengine yakamwangukia mtoto kichwani, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, huku Bibi Raheli ameinamisha uso akiomba Baba Yetu kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde. Na mtoto akakohoa. Akavuta pumzi, akalia kilio kibaya, kizuri. Nikundiwe. Jina hilo Eliwaza alikumbuka kulitaja, la bibi yake mzaa mama.

Kabla jua halijazama mtaa mzima ulijua. Wanawake walikuja na ndizi, na maziwa, na maneno matamu. Bibi Raheli aliwasimulia mlangoni jinsi mjukuu wake, ndivyo alivyomwita Eliwaza, alivyobatiza bila kutikisika, kama mchungaji mwenyewe. Mama Mbonea alimtazama mkwewe kwa macho mapya, akamwekea kipande cha nyama ambacho kwa desturi huwekewa mgeni. Na Eliwaza alikaa katikati yao, akajibu ndiyo, ndiyo, nashukuru, mpaka ghafla akaiweka ndizi chini. Alikuwa amejaribu kuyasikia tena maneno aliyoyasema, na hakuyapata.

Alikumbuka, "Nikundiwe, nakubatiza kwa jina la Baba." Hapo aliona mkono wake ukimimina. Baada ya hapo alikumbuka sauti yake mwenyewe ikisema usife, usife, usife. Je, alimtaja Mwana? Alimtaja Roho Mtakatifu? Maji alimimina mara tatu, mkono ulijua. Lakini kinywa?

Siku zilizofuata hazikumpa mahali pa kukaa. Alifagia ua uliokwisha fagiwa. Alianza kukunja nepi, akaziacha, akatoka nje, akasahau alilolitokea. Mchungaji Yafeti alikuwa ametuma habari kwamba atapanda Jumapili ya wiki ya pili, ndiyo siku kumi na mbili tangu Jumanne ile, na Eliwaza alizihesabu kwenda mbele na kurudi nyuma kana kwamba zingeweza kuongezeka. Aliyatafuta maneno yale akiwa mtoni, akiwa jikoni, akiwa katikati ya wimbo kanisani. Mara nyingine aliyasikia waziwazi, yote matatu, akafurahi, kisha akajua ni kwa sababu ameyarudia mno siku hizi, si kwa sababu aliyasema siku ile.

Alimwuliza Bibi Raheli. Aliinama karibu, akasema polepole, "Bibi, siku ile, nilisema maneno yote? Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu?"

"Ulisema," akajibu bibi upesi. "Ulisema vizuri, mjukuu wangu. Soma tulipoishia."

Akasoma. Lakini kesho yake aliuliza tena, na keshokutwa. Mara ya tatu Bibi Raheli alichukua fimbo yake, akasema ana kuku wa kuwafungia, akaondoka jua likiwa bado juu kabisa. Eliwaza akabaki na Katekisimo wazi magotini. Kama shahidi amesikia, kwa nini anakimbia?

Alhamisi ya wiki ya pili mtoto akakaza mwili tena. Haikuwa kwa muda mrefu, pumzi haikukoma, lakini baada ya kumlaza Eliwaza alibaki ameinama juu yake. Akifa leo? Akifa kabla ya Jumapili, nitasema amebatizwa? Nitamzika na kengele? Akaenda kwenye kibuyu, akachota maji kwenye bakuli. Hapakuwa na mtu. Ingekuwa jambo dogo. Atayasema sasa, yote, polepole, ayasikie kwa masikio yake, na Jumapili mchungaji akiuliza atajibu bila kusema uongo hata kidogo: maji ndiyo, maneno ndiyo. Alichovya vidole. Hapo akaona jambo lingine. Kama alikwisha kuyasema siku ile, basi sasa anambatiza mara ya pili, anamwambia Mwenyezi Mungu kwamba ahadi yake ya kwanza haikushika. Na kama hakuyasema, basi anayaficha chini ya haya mapya, na Jumanne ile itabaki kuwa uongo uliopakwa maji. Alisimama hapo mpaka vidole vikakauka. Akamwaga maji yale uani, kwenye mche wa ndizi, akakaa chini akalia, mtoto amelala.

Mama Mbonea alimkuta hivyo. Ikabidi amwambie. Mama mkwe alisikiliza amesimama, mzigo wa kuni ungali kichwani, kisha akautua.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, mama."

"Basi iishie kwangu." Akakaa karibu naye. "Sikiliza. Ukisema hujui, watu watauliza na Bibi Raheli alikuwa wapi. Wakimtilia shaka Bibi Raheli, Mama Kajiru atauliza juu ya mtoto wake aliye kaburini. Wewe unaweza kumfukua mtoto wa mwenzako kwa mdomo wako? Mchungaji atakuuliza kwa maneno gani. Maneno unayajua tangu kipaimara. Yataje. Hakuna atakayekuuliza kama ndiyo uliyoyasema."

Eliwaza akalichukua bakuli tupu, akalirudisha ndani. Na kwa kweli, enyi mnaosoma, mama yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kama mkwewe, ila woga wake ulikuwa umezeeka na kujifunza kutulia.

Jumapili ikafika. Mchungaji Yafeti alipanda na matope mpaka magotini, akanawa miguu kwenye mfereji, akavaa kanzu yake. Kanisa lilijaa. Ubatizo ulipofika, watoto wengine wawili wakabatizwa, kisha akaitwa Eliwaza. Bibi Raheli alisimama upande wake wa kushoto, mkono juu ya bega lake, kama shahidi.

"Ni nani aliyembatiza mtoto huyu?" akauliza mchungaji.

"Ni mimi."

"Ulimbatiza kwa maji?"

"Kwa maji."

"Ulimbatiza kwa maneno gani?"

Maneno yakamjia kinywani yote, yamejipanga, yanasubiri kusemwa. Aliona pindo la kanga ya Mama Mbonea kwenye benchi la tatu. Aliona Mama Kajiru, mikono mapajani, anatabasamu, anamtazama Nikundiwe. Magoti ya Eliwaza yalikuwa yanacheza.

"Mchungaji," akasema, na sauti ikatoka ndogo, ikabidi aanze tena. "Mchungaji, maneno nayajua. Nikiyataja hapa mtadhani ndiyo niliyoyasema. Siku ile nakumbuka nilisema Baba. Baada ya Baba nakumbuka nilisema usife. Mengine sijui. Nimeyatafuta siku kumi na mbili, sijayapata."

Mama Mbonea alivuta kanga mpaka kwenye macho. Mchungaji Yafeti akamgeukia mzee. "Bibi Raheli, wewe ndiwe shahidi. Ulisikia nini?"

Bibi Raheli hakugeuka. Alikuwa anatabasamu kuelekea madhabahu, mkono bado begani. Mchungaji akauliza tena kwa nguvu zaidi, na mwanamke wa benchi la mbele akamvuta nguo. "Alisema vizuri," akasema bibi, kwa sauti iliyojaa kanisa. "Alisema vizuri sana, kama mchungaji mwenyewe."

Mtoto mmoja akacheka, akanyamazishwa. Na hapo Eliwaza akaelewa, na alipoelewa, ile hofu yake ya siku zote hizo ikawa na huruma ndani yake. Akamhamishia mtoto mkono mwingine, akaweka mdomo kwenye sikio la mzee, akasema kwa nguvu, neno kwa neno, "Bibi. Nimewaambia. Kwamba. Sikumbuki."

Mkono wa bibi ukaanguka kutoka begani. Halafu akaigonga fimbo yake chini.

"Basi na mimi niseme," akasema. "Mjukuu wangu amesema kweli na mimi nimesimama hapa naongopa na mvi zangu. Masikio yangu yaliondoka tangu mavuno ya mwaka juzi. Kwanza moja, kisha la pili. Nilikuwa nafuata midomo ya watu, na sasa macho nayo hayaoni midomo, hata majibu nayabahatisha, ila mtu akipaza sauti sikioni napata neno mojamoja. Siku ile sikusikia kitu. Nilisikia kwa mikono kwamba mtoto amelia, basi nikasema kila kitu kimekwenda sawa." Akapumua. "Nilijua mkijua hamtanipeleka tena kwa wazazi. Ningekaa nyumbani na kuku. Tangu msichana sijui kazi nyingine katika kanisa hili, ila kukaa na mama mwenye mtoto mchanga na kusema Naamini. Niliogopa kuku, wapendwa. Nisameheni."

Ndipo sauti ikatoka nyuma, kali, imepasuka. Ilikuwa ya Mama Kajiru, amesimama. "Na wangu, Bibi? Na wangu?"

Eliwaza akageuza uso, akamtazama Mama Kajiru, na machozi yakamtoka, kwa kuwa hicho ndicho alichokiogopa, na kimekuja. Lakini hakumwacha bibi nje ya swali. Aliinama tena kwenye sikio: "Mama Kajiru. Anauliza. Wa kwake."

Uso wa Bibi Raheli ukabadilika. Akageuka kuelekea nyuma ya kanisa, ingawa hakuona ila mwanga wa dirisha. "Wako ni miaka minane sasa, mwanangu. Wewe ulikuwa umezimia. Nilimbatiza mimi, kwa kinywa changu, na masikio yangu yalikuwa bado kazini. Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, na mara ya tatu akafungua jicho moja akanitazama. La kushoto. Sijakuambia habari ya jicho kwa sababu nilidhani itakuumiza."

Mama Kajiru akakaa. Waliokuwa karibu naye wanasema alikaa ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili, na baada ya kitambo akasema polepole, kama anayelionja neno, "La kushoto."

Mchungaji Yafeti alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Eliwaza, kama uliyasema, Mungu aliyasikia, maana yeye hakuwa kiziwi Jumanne ile. Lakini ubatizo tumepewa ili tuushike. Siku moja binti huyu atapita mahali pagumu, atauliza, je, mimi ni wa nani? Siku hiyo hatutamjibu kwa neno labda. Sharti awepo mtu wa kumwambia, nilikuwepo, nilisikia. Jambo lisilojulikana kama limefanyika tunalifanya leo, mbele ya wote, na hakuna dhambi ndani yake. Dhambi ingekuwa kunipa jibu zuri."

Akayakoroga maji kwa mkono. Akauliza wadhamini ni nani. Mama Mbonea akajikuta amesimama, kanga imeteremka, macho mekundu, akaja mbele bila kuitwa. Naye Bibi Raheli, alipohisi watu wanasogea, alianza kupapasa njia arudi kwenye viti.

Eliwaza akamshika mkono. "Unakwenda wapi, Bibi?"

Hakusikia, lakini alijua ameulizwa nini. "Kwa kuku," akasema, na kanisa likacheka huku likilia, likawa kelele moja tu ya ajabu ambayo mchungaji aliiacha iishe yenyewe.

Eliwaza hakumwachia. Alifungua kiganja cha bibi, kikavu, kilichojaa mistari, akakiweka juu ya kifua cha Nikundiwe, na mkono wake mwenyewe akauweka juu ya mkono wa mzee. Mchungaji akachota maji. Aliposema Baba, Eliwaza akaukandamiza mkono wa bibi. Aliposema Mwana, akaukandamiza tena. Aliposema Roho Mtakatifu, kabla hajakandamiza, alihisi vidole vya mzee chini ya vyake vikimtangulia, vikijikaza vyenyewe mara ya tatu, kisha Bibi Raheli akatamka amina ambayo wanasema ilisikika mpaka kwenye mfereji.

Wapendwa, Mwenyezi Mungu hakumwondolea Eliwaza woga wake siku ile. Mtoto alikaza mwili tena mara mbili kabla ya kipupwe, na mama yake alitetemeka mara zote mbili. Ila hakutetemeka peke yake, maana bibi aliendelea kuja, na wote wawili walijua sasa nani anasikia na nani anakumbuka. Imani haidumu kwa sababu kuna mmoja kati yetu aliye mzima wa kila kitu. Kijana ana masikio na hana utulivu, mzee ana maneno na hana masikio, na lililo katikati yao ni ukweli tu. Mmoja akiusema, hata kwa sauti ndogo, hata magoti yakicheza, mwingine naye hupata mahali pa kusimama. Mungu atujalie kinywa hicho. Amina.